Mabibo Nayo ni Chakula?

Mama, shikamoo. Huku Newala asubuhi ni baridi, mikorosho imejaa mabibo mekundu, na yupo bibi mmoja aliyenipandisha presha.

Jana mjukuu wake alikuwa apasuliwe ngiri, na mimi ndiye wa kumpa dawa ya usingizi. Nikauliza, "Bibi, mtoto amekula?"

"Hajala, mwanangu. Tangu jana."

Namfungua mtoto shati nisikilize kifua, kinanata na kunuka mabibo! Bibi akanikazia macho: "Mabibo nayo ni chakula? Ugali hajala."

Mama, mtoto akitapika akiwa usingizini, matapishi yanaingia mapafuni, anatufia pale mezani! Nilifoka mpaka daktari akanituliza. Tukaahirisha.

Leo nikauliza upya: "Kuna chochote kilichopita kooni?"

"Hata mate nimemkataza kumeza," akanijibu kwa hasira.

Amepasuliwa salama. Ameamka analilia ugali, na bibi amenishukuru kwa ndoo ya mabibo.

Nimekukumbuka, Mama, pamoja na swali lako la kila simu. Leo nakujibu mapema: sijala. Nimemaliza nusu ndoo tu.

Mwanao,
Upendo