Mkaguzi wa Ngozi

Los Sauces, Chihuahua
Machi, 1880

Kaka yangu Anselmo,

Pokea salamu za mdogo wako Refugia. Huku tu wazima, ila Baba macho yamekwisha kabisa na miguu inamsumbua. Mbuzi wamezaa vizuri. Wifi hajambo? Barua yako imefika, na nimesoma kwamba baada ya Pasaka mwanao Crescencio naye ataondoka nawe kwenda kuwinda Waapache. Umeandika kwa fahari, nimeiona.

Juzi alikuja Mmarekani anayetunga riwaya ya wale wapanda farasi wa kukodiwa, enzi zile za utoto wetu, serikali ilipowalipa kwa kila ngozi ya kichwa cha Mwapache. Ana kitabu cha mmoja wao, mzee aliyeandika maisha yake, na alitaka kujua lipi ni kweli na lipi ni majigambo. Alimtafuta Baba kwa kuwa ndiye aliyekagua zile ngozi pale uwanjani. Nikamkaribisha kahawa, nikamwonya kwamba Baba habari hizo hazizungumzi.

Akatusomea. Mzee yule anajisifu kwamba kwenye korongo la mto walipigana na mashujaa wa Kiapache tangu alfajiri, na risasi zilipokwisha wakawamaliza kwa visu. Anaeleza goti linavyokandamiza mgongo, kisu kinavyozunguka juu ya nyusi, na mlio wa ngozi ikibanduliwa mfupani.

Baba akamkatiza. "Muongo huyo. Shujaa hakuwepo hata mmoja. Walikuwa wanawake wetu, wamekwenda kuokota kuni."

Kaka, kaa kitako. Sheria ilitaka kila ngozi iwe na sikio lake. Baba anasema alikuwa mezani, wale watu wamemzunguka na bastola, damu imewaganda mpaka viwikoni, mimi na wewe tunacheza kwenye ngazi za kanisa. Akashika ngozi yenye nywele ndefu, na kidole chake kikagusa ndewe iliyochanika. Unaikumbuka, ile ambayo mbuzi alivuta hereni. Kiongozi wao akatuangalia sisi watoto, kisha akamuuliza, "Vipi mzee, na hii si ya Mwapache?"

Baba akajibu, "Ya Mwapache. Lete nyingine."

Jioni akatuambia Waapache wamemuua Mama. Mji mzima ukaamini. Wewe ukaapa.

Mmarekani aliniuliza kama anaruhusiwa kuyaandika. Nikamwambia ayaandike, na jina la Mama alitaje, Nicolasa.

Ninamchukia Baba, na jana nimemwosha miguu yake kama kawaida. Sijui nimfanyeje. Ila wewe ninajua la kukuomba. Wale wote uliowaua kwa ajili ya Mama, pamoja na yule mwanamke na mwanawe mliowachoma ndani ya kibanda, ukaniandikia kwa furaha, hakuna aliyemgusa Mama. Mvue farasi wa Crescencio tandiko, kaka. Mtoto bado ana mikono safi.

Nisalimie wifi. Baba hana salamu, amekaa tu mlangoni, kila saa ananiuliza kama barua imeondoka.

Mimi dada yako,
Refugia