Mama Mkwe Anataka Nitoe Miwani

Mpendwa Shangazi Phelista, naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga ambao hauwezi kurudishwa nyuma, na tafadhali jina langu ulibadilishe, niite Sellah, kwa sababu hapa Kitale watu wanasoma ukurasa wako na kwetu Bungoma pia wanausoma.

Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu za shule, nina miaka thelathini na moja, na kwa miaka sita jicho langu la kulia lilikuwa linaharibika, konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ilikuwa inazidi kuwa nyembamba na kuchongoka kama koni, nikabadilishiwa miwani mpaka daktari wa Eldoret akasema sasa miwani imefika mwisho, hata kutunga uzi kwenye sindano nilikuwa naomba wateja. Akaniweka kwenye orodha ya kungojea konea ya mtu aliyefariki. Nilingoja karibu miaka miwili, Shangazi, kimya kabisa, halafu mwezi wa tatu shemeji yangu Barasa, mdogo wa mume wangu, akagongwa na lori pale Misikhu, akakimbizwa Eldoret na kufia huko, na siku tisa baada ya kifo chake, hata nguo za matanga hatujafua, simu ikalia: "Sellah, konea imepatikana, njoo kesho."

Nilifurahi, siwezi kudanganya. Daktari alinieleza kwamba mashine ya leza inakata konea yangu mbovu na ile mpya kwa umbo moja ili kingo ziingiane, halafu yeye anashonea na nyuzi nyembamba kuliko unywele, na mimi kama fundi nilimwelewa vizuri. Baada ya wiki sita nilisoma jina la duka la ng'ambo ya barabara, nikalia.

Lakini tangu hapo mama mkwe, ambaye kwa miaka saba ya ndoa yangu alikuwa amefika kwangu mara mbili tu, anakuja kila Jumamosi kutoka Misikhu na kuku au ndizi, anachagua kiti kinachonielekea, anasema, "Sellah, toa hiyo miwani nyeusi. Niangarie kidogo tu, mwanangu." Nikimwangalia, machozi yanamtoka. Mume wangu Mukhwana naye akipigiwa na mama yake anatoka nje, na siku moja nikamsikia akisema, "Mama, si tulikubaliana? Akijua yeye, ukoo mzima utajua." Nikamuuliza, "Nikijua nini, Baba Derrick?" Akanijibu, "Ati nini? Wacha kusikiliza simu za watu bana." Hapo ndipo nikakumbuka kwamba siku ya mazishi wazee walitaka jeneza lifunguliwe, na ni yeye Mukhwana alikataa katakata.

Shangazi, naamini wamenitia jicho la Barasa bila kuniambia. Barasa alikuwa ananiita bibi yake kwa utani, alikuwa anakula kwangu, na sasa nikijitazama kwenye kioo natafuta kama kuna mtu mle ndani, na mume wangu akinikaribia nalifunga lile jicho. Daktari alisema nisipoweka matone ya dawa mwili unaweza kuikataa konea, basi nikaacha kuweka, leo ni siku ya nane, niliona afadhali mwili wenyewe uamue. Sasa jicho ni jekundu, mwanga unaniuma, ukungu unarudi. Hakuna anayejua. Je, ninyamaze tu, ama niende nidai waitoe?

Sellah, Kitale

SHANGAZI PHELISTA ANAJIBU

Sellah, barua yako ilifika Jumanne asubuhi, na kabla chai yangu haijapoa nilikuwa nimekupigia simu, kwa sababu jicho lako lisingengoja gazeti lichapishwe. Nilikuambia ufunge duka uende Eldoret siku hiyo hiyo. Ukaniuliza, "Na yule mama je?" Nikakujibu, "Yule mama hatapofuka wiki hii. Wewe utapofuka."

Nashukuru ulienda, na ukamwambia Mukhwana sababu, hata kama ulimwambia kwa kupiga kelele. Mwili ulikuwa umeanza kuikataa konea. Daktari amekurudisha kwenye matone, kila saa, na anasema mmewahi. Lakini nitakugombeza. Ulikaa siku nane ukiliacha jicho life, na hukumuuliza daktari wako hata swali moja! Angekuambia kwamba hukuwekewa jicho la mtu. Uliwekewa kipande kidogo kuliko kifungo cha shati, hakina rangi, hakina damu, hakimkumbuki mtu yeyote.

Hasira zako nazielewa. Walikuficha kitu, na ulisikia kwa masikio yako. Jioni ya Alhamisi uliponipigia, ulisema mama mkwe amekiri mbele yenu wawili: daktari alipomwambia Barasa amekwenda, alitia sahihi macho ya mwanawe wapewe wagonjwa, na Mukhwana akawa shahidi. Wakanyamaza kwa sababu ukoo ulitaka mtu wao azikwe mzima. Hawakusema upewe wewe. Mama alihesabu siku tisa kama ulivyozihesabu wewe, akashuku kama ulivyoshuku, na maneno yake ulinikariria polepole: "Sijui kama ni yeye. Nilikuwa nakuja kuangaria tu."

Daktari naye amesema karatasi yake ina namba, haina jina, na benki ya macho haimpi mtu jina. Inaweza kuwa ya Barasa. Inaweza kuwa ya mtu ambaye hamjawahi kumsikia. Hamtajua, na usiende kutafuta mtu wa kuhonga huko hospitali akufungulie faili, maana nakusikia ukiwaza.

Matone utayaweka kama ulivyoandikiwa mpaka daktari mwenyewe aseme basi. Wazee wa ukoo hawataambiwa na wewe, na hapa gazetini nimebadilisha majina yote na mahali, si jina lako tu. Siri hii ni ya aliyemzaa Barasa, na siku akitaka kuisema, simama karibu naye. Jumamosi mruhusu aje, ila mwambie wazi kwamba kutazamwa usoni kunakuumiza. Muulize Barasa alikuwa mtoto wa namna gani. Hajapata mtu wa kuzungumza naye juu ya mwanawe tangu mwezi wa tatu, kwa sababu kila akianza anaogopa kuteleza ulimi.

Na wewe Mukhwana, najua unasoma hapa. Ulimlinda mama yako ukamwacha mke wako akilala na hofu. Muombe msamaha kwa mdomo, usinunue kitu. Kisha tarehe kumi na nne, siku ya kliniki, utaingia naye kwa daktari, ukae, usikilize mpaka mwisho.