Santuri Yako Sijaiuza

Hapana, sijaiuza. Najua ndilo swali ambalo ungeniuliza hata kabla ya salamu, kwa hiyo nimeanza na jibu. Santuri yako ipo kwangu juu ya kabati, ndani ya jalada lake, nimeifunika na fulana safi. Sasa tusalimiane. Shikamoo, Mzee Kibwana. Najua hujibu. Hata ulipokuwa hai shikamoo ya Mnyamwezi ulikuwa unaipokea kwa kukohoa.

Mtani, ngoja kwanza nikwambie nilivyoipata, maana wewe wakati ule ulikuwa umelala kwenye jeneza, hukuona. Siku ya msiba wako nilifanya kazi yangu yote. Watu wanalia, mimi nikaingia chumbani kwako, nikaibeba hiyo santuri uliyokuwa unaipenda kuliko watu, nikasimama nayo mlangoni. Nikasema marehemu hatoki humu mpaka Wazaramo wanikomboe. Mkeo Bi Tatu akacheka huku kamasi zinamtoka. Ndugu zako wakasema, mwacheni aende nayo, hatuna cha kumpa huyo. Basi nikaondoka nayo. Siyo wizi, ni utani, na utani una sheria zake.

Nilicheka mpaka nyumbani. Nikafika, nikakaa kitandani na ile santuri mapajani. Hapo sikucheka.

Huku Kariakoo ungerudi leo ungepotea. Kila kitu ruksa, kila kitu kinatoka Dubai. Pale ulipokuwa unakaa na gramafoni yako, Mtaa wa Sikukuu, sasa kuna mtu anauza feni. Mimi viatu vya mitumba nimeacha, nauza kanda na masidii. Ndiyo, masidii. Usinune. Ulishaninunia vya kutosha.

Unakumbuka siku Mangi wa dukani alipoleta ile mashine ya sidii ya kwanza? Nikaja kukuita mbio kama nyumba inaungua. Nikakuwekea nyimbo, nikakwambia sikiliza hiyo, hakuna vumbi, hakuna sindano, unasikia mpaka mpiga ngoma anavyopumua. Ukasikiliza umefumba macho, nikajua nimekushika. Ukafumbua, ukasema, "Kulwa, huu muziki wameuosha na sabuni. Umetakata, ladha imeondoka na povu." Ukaongeza kwamba ni kama pilau ya hospitali. Mangi akakasirika, maana mashine ilikuwa ya kuuza na wateja walikuwa wanasikia.

Tukabishana miaka. Mimi nasema santuri yako inakwaruza, ni kama kuna mtu anakaanga vitumbua chumba cha pili. Wewe unasema hivyo vitumbua ndiyo utamu wenyewe. Nikakufunga macho na kanga ya mkeo, nikakupigia sidii, halafu santuri, halafu sidii. Zote ukapatia. Nikakuuliza umejuaje, ukasema gramafoni ikipata moto inanuka. Yaani mtu anabishania sauti, kumbe anatumia pua.

Lakini leo sikuandikii ubishi. Nakuandikia harusi ya Mwanahawa. Imefanyika, mtani. Mwanao kaolewa Jumamosi.

Najua ulichoahidi, mtaa mzima unajua. Mwanahawa ataingia ukumbini kwa ile nyimbo ya jamaa aliyepanda treni anamwambia mchumba wake anakuja. Kwa santuri ile, na sindano utaiweka wewe. Hata pumzi zilipokuwa zinakuishia uliniita ukaninong'oneza, "Usimharibie mwanangu na visidii vyako." Watu wengine wanaachiwa wosia wa nyumba.

Sasa lawama gawana na mkeo. Bi Tatu aliniita akasema wakwe wa Mwanahawa ni watu wa Upanga, wakiona gramafoni ya kizamani ukumbini watatucheka. Halafu gramafoni yenyewe, samahani kukwambia, siku hizi ni stuli ya televisheni. Mimi nikaona nina dawa. Kuna sidii ya zilipendwa imetoka Nairobi na ile nyimbo imo. Nikamwambia shemeji, tulia, baba yake atasikika kuliko alivyowahi kusikika.

Nikavaa suti. Ukumbi ni ule jirani na Mnazi Mmoja, mapambo mpaka juu ya dari. Mlango ukafunguliwa, Mwanahawa akaingia kashikwa mkono na mdogo wako, na nyuma yake akina mama wote wa mtaa wetu wamevaa sare. Nikampa ishara mpiga muziki. Nyimbo ikatoka safi, nikajisikia raha, nikasema moyoni, Kibwana, leo umekwisha.

Ikafika pale pa "nakuja".

Unapajua. Mwanahawa alipokuwa mtoto wa kutambaa aliifikia santuri na kijiko cha uji, akaikwaruza, na tangu siku hiyo ikifika hapo inaruka: nakuja, nakuja, nakuja. Wewe badala ya kununua nyingine ukatuambia mwimbaji anasisitiza kwa sababu ana mapenzi. Nasi tukaamini. Mtaa mzima tuliijua nyimbo hivyo. Akina mama wakatunga na staili yake: kwenye kila "nakuja" unarudi nyuma hatua moja, halafu ndiyo unaenda mbele.

Sidii haina kijiko, mtani. Imesema "nakuja" moja, imeondoka zake. Akina mama wa mbele wanarudi nyuma, wa nyuma wamefuata muziki wanaenda mbele. Mama Shabani, na unajua ukubwa wake, akamkalia mpambe. Mpambe akashika meza ya keki. Keki sitaisimulia. Mmoja akapaza sauti kule nyuma, "Kulwa umetuletea feki, nyimbo imekatwa." Mimi na suti yangu nawaeleza kwamba hiyo ndiyo nzima, ile ya kwetu ndiyo mbovu. Nani anisikilize? Wananidai nirudishe kipande nilichokata.

Ningecheka, lakini nikamwangalia Mwanahawa. Kasimama katikati ya ukumbi, anaangalia spika. Akasema taratibu tu, "Hii siyo nyimbo ya baba." Akageuka akatoka na kwenda kukaa kwenye ngazi za nje na gauni lake lote. Akasema haingii tena. Wakwe wa Upanga wakaanza kunong'ona. Mkeo akaniangalia, na lile jicho la Bi Tatu unalijua.

Nikatoka mbio. Nikaita kijana wa mkokoteni, tukaenda kwako, nikaishusha televisheni, watoto wa jirani waliokuwa wanaangalia wakanitukana matusi nisiyoyajua. Nikapita kwangu kuchukua santuri, nikaiingiza ndani ya koti. Tukarudi ukumbini, mkokoteni mbele, mimi nyuma nimeshikilia gramafoni, suti imekuwa ya fundi gereji. Wapita njia wananiuliza unahama, nawajibu naoa.

Tukaiweka mezani, mpiga muziki akasogeza maikrofoni kwenye spika yake. Nikaweka ile shilingi yako juu ya mkono wa sindano kuutia uzito, shilingi pekee Bongo hii iliyobaki na kazi. Vitumbua vikaanza kukaangwa, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Mwanahawa akainuka ngazini, akaingia.

Ikafika pale. Nakuja, nakuja, nakuja. Akina mama wakarudi nyuma pamoja, safi. Nakuja. Nakuja. Nakuja. Mtani, haikutoka. Wamerudi nyuma mpaka wanakaribia jikoni. Mama Shabani anahema. Mzee mmoja wa upande wa wakwe akasema, "Si aje basi." Nikapuliza sindano, nikaongeza shilingi ya pili, nikamwomba Mungu. Nakuja, nakuja.

Mwanahawa akaliacha kundi. Akaja mpaka pale mezani na shela lake, hakunitazama. Akageuka kidogo, akaipiga meza kwa kiuno, tap. Sindano ikavuka. Nyimbo ikaendelea.

Kumbe. Miaka yote unacheza palepale ubavuni mwa meza, husogei, mara kiuno kinagusa, sisi tunakucheka tunasema mzee zimempanda. Kumbe ulikuwa kazini. Kila siku, kila ilipopigwa, ni wewe ulikuwa unaitoa. Na mtoto aliona, hakutuambia.

Akacheza mpaka mwisho. Alilia kidogo, akacheka sana. Mkeo pia. Mimi nilienda kujifanya nakagua mkokoteni.

Kesho yake Mwanahawa akaja kuikomboa santuri. Nikamwambia utani ni utani, alete kitu. Akaleta sahani ya pilau na kipande cha keki kilichonusurika. Nimevila vyote, na Jumapili ijayo namkabidhi. Barua hii naitia ndani ya jalada. Posta ya kwako siijui, na humu ndimo ulimokuwa unashinda.

Haya, kwaheri, Mzee Kibwana. Sijasema santuri ni bora. Sikiliza vizuri, sijasema, na asije mtu huko akakwambia Kulwa kasalimu amri. Gramafoni haitakuwa stuli tena, hiyo nakuahidi, nimeshampelekea Bi Tatu stuli halisi. Na nakupa dili. Huko uliko usitafute mtu mwingine wa kubishana naye, nafasi hiyo ni yangu. Mimi nitakuja na sidii yangu, tutaanzia pale tulipoishia. Nakuja, mtani. Nakuja, nakuja, nakuja.

Ila wewe tulia hapo ulipo, na hiyo meza usiiguse.

Mtani wako,
Kulwa