Mbio za Cherehani

Kitindamimba wangu,

Huku hatujambo. Paka kazaa tena, safari hii ndani ya kapu langu la vitambaa.

Dada yako kaniambia unaziona kilomita zangu kwenye ule mchezo wa mazoezi uliotuletea, na unawatambia wenzako kazini kwamba mama yako anakimbia mbele ya televisheni kama swala. Ebu acha, mwanangu, utaniaibisha! Sijakimbia hata hatua moja.

Siku ya kwanza nilifunga ule mkanda wa mguuni unaohesabu hatua, pumzi ikanikatika kabla sijaanza, nikaketi kwenye cherehani nipumzike. Nikakanyaga pedali kidogo tu, na yule mtu wa kwenye televisheni akatimka mbio! Tangu hapo mimi nashona, yeye anakimbia. Jana kanipigia makofi nikiwa natia pindo sketi ya jirani.

Usinikasirikie. Mkanda nimeufunga kwenye mguu wa kushoto, uleule uliokufa ganzi kwa kiharusi, ambao daktari alisema hautakanyaga cherehani tena.

Nitumie kipimo cha kiuno chako. Suruali yako naianza Jumatatu.

Mama yako,
fundi