Fuko Ananuka Kitimoto

Jumapili, Oktoba. Mawingu yamekaa juu ya Mbinga tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nimenawa mikono sijui mara ngapi na bado inanuka.

Nina kinyaa. Si kinyaa cha mtu mwingine, ni changu mwenyewe, na nimeona nikiandike kabla sijakizoea.

Leo kanisani sikupanga foleni ya komunyo. Mama alinitazama kwa pembeni, akaninong'oneza kama naumwa. Nikamwambia tumbo. Hata hapo nilidanganya, tena ndani ya kanisa.

Wengi mnaosoma ukurasa huu mnanijua kwa habari za mashine za kumenya kahawa. Ndiyo kazi yangu, kuchomelea na kutengeneza mashine za wakulima. Lakini tangu mwezi wa tano nimekuwa nikiunda roboti ya kupigana. Mwenzangu ni Baba Zuhura, mwenye duka la redio na sola karibu na stendi. Ni mtu mzima, rika la marehemu baba yangu. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa nguo akaishia huku milimani. Umeme wote ni wake: betri, mota, rimoti. Chuma chote ni changu. Aliponiona nachora mchoro wa kwanza nyuma ya karatasi ya kalenda, hakunicheka. Wengine wote walicheka.

Roboti tukaiita Fuko. Ana uzito wa debe la mahindi, na mbele ana chuma kinachozunguka, nimekichonga kutoka jembe kuukuu, cha kumpasulia adui. Magurudumu tuliyakataa siku ya kwanza. Uwanja wetu wa majaribio ulikuwa shamba la mama, na kila Mmatengo wa milima hii anajua ngoro za kulimia zilivyo: shimo na tuta, shimo na tuta, mteremko mzima. Gurudumu likiingia humo halitoki. Kwa hiyo tukampa mikanda kama ya katapila, minyororo miwili ya pikipiki kila upande, na katikati vipande vya mpira mnene vilivyofungwa kwa boliti. Akapanda tuta, akashuka shimoni, akapanda tena. Mama aliacha kuchambua maharage akasimama kumtazama.

Halafu Julai grisi ikaniishia.

Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, na minyororo inalia kama mlango wa ghala. Nyumbani kulikuwa na kopo la mafuta ya nguruwe, yaliyobaki siku ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa dada yangu. Kwa baridi ya Julai ya huku kwetu yalikuwa meupe, magumu, yanashika chuma kuliko grisi yoyote niliyowahi kuitumia. Nikayapaka. Fuko akanyamaza kabisa, na mimi nikajiona nimegundua jambo. Kwetu nguruwe yuko nyuma ya kila nyumba. Nyama yake, kitimoto, tunakula; mafuta yake tunakaangia, tunapaka hadi bawaba za milango. Haikunijia kwamba kuna mtu mwingine anayeshika ile minyororo.

Naapa haikunijia. Lakini hizo zilikuwa wiki mbili za kwanza tu.

Ijumaa moja Baba Zuhura alikuwa anakaza mnyororo wa kushoto kwa mikono mitupu. Mama Zuhura alikuwa ametuletea mihogo ya kuchemsha. Baba Zuhura akamega kipande, akala, akalamba chumvi kidoleni. Kisha akatazama saa, akasema anawahi msikitini. Ndipo nikaona. Nikakiona kidole, nikauona mnyororo, nikaliona kopo pale rafuni.

Na sikusema.

Nilijiambia limeshatokea. Nilijiambia asiyejua hana dhambi, utadhani mimi ndiye shehe wake. Ukweli ni kwamba niliogopa ataacha kazi, na bila yeye Fuko ni sanduku la chuma tu. Jumatatu yake nikanunua grisi, nikaipaka juu ya yale mafuta bila kuyaondoa, kwa sababu kuyaondoa kungetaka nifungue mikanda yote na yeye angeniuliza kwa nini. Nikaendelea kumpokeza spana. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, shika hapa, kaza pale. Miezi miwili na zaidi.

Jana tulishuka Lipingo, kijiji cha ufukweni mwa ziwa. Kuna vijana wa kule ziwani wameunda roboti yao ya magurudumu mapana, wanaiita Mamba, na tulikuwa tumekubaliana kupambana kwenye uwanja wa mchanga karibu na chanja za kuanikia dagaa. Ukitoka Mbinga kwenda ziwani unavua sweta njiani. Mimi fundi nilivua langu, nikalikunja, na sikufikiria minyororo hata kidogo.

Saa nane mchana mchanga ulikuwa unaunguza nyayo. Harufu ya dagaa, nzi, jasho la watu. Kabla hata ya pambano mbwa wawili walikuja wakaanza kumlamba Fuko ubavuni. Watu wakacheka, Baba Zuhura akawafukuza kwa kandambili yake. Mimi nikajifanya nakagua betri.

Tukaanza. Yeye alikuwa na rimoti. Dakika ya kwanza Fuko alimsukuma Mamba hadi kwenye mbao za uzio. Dakika ya pili mota zikapata moto, minyororo ikapata moto, na yale mafuta ya Julai yakaanza kuchuruzika na kukaangika juu ya chuma. Harufu ikapanda. Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa wake akapaza sauti:

"Jamani, nani anakaanga kitimoto mchana wote huu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Hicho kicheko changu ndicho ninachokisikia hadi sasa.

Baba Zuhura hakucheka. Alinusa vidole vyake, akanigeukia taratibu.

"Skola, mwanangu, hii ni grisi gani?"

"Ya dukani, baba."

Akaiweka rimoti juu ya mchanga. Akasimama ameitenga mikono na mwili, kama mtu aliyebeba kitu asichojua pa kukitua. Na mimi, badala ya kuzima mashine, niliiokota ile rimoti. Mamba alikuwa amekwama ubavu nje, nafasi ya namna ile haiji mara mbili. Nikamwendesha Fuko. Jembe likampasua Mamba, waya zikamwagika, watu wakapiga mayowe, nikabebwa juu juu. Tulishinda. Naandika neno hilo na mate yananijaa mdomoni kama ya mtu anayetaka kutapika.

Waliponishusha hakuwepo. Nilimkuta ziwani, maji yakimfika magotini, suruali kaikunja. Alikuwa ananawa. Alichota udongo wa ukingoni, akajisugua hadi viwikoni, akasuuza, kisha maji tena, na tena, midomo ikihesabu. Niliwahi kumwona dukani kwake akiosha bakuli namna hiyo, mara saba, moja kwa udongo, siku mbwa wa jirani alipolilamba. Aliniambia siku ile kwamba kilichoguswa na mbwa au nguruwe wao hukiosha hivyo. Kwa hiyo hakuna aliyehitaji kunieleza alichokuwa anakiosha.

Nilisimama nyuma yake nikasema shikamoo. Upumbavu mtupu, tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.

Hakuitikia.

Alipomaliza alikunjua suruali yake, akasema huku akitazama maji: "Kukosea ningekuelewa, mwanangu. Kwenu hayo ni mafuta kama mafuta mengine. Chuma kinaoshwa, mikono inaoshwa. Lakini umeniacha niende kuswali hivi hivi, Ijumaa ngapi?"

Akapanda gari jingine kurudi. Mimi nilirudi kwenye lori la mizigo, Fuko katikati ya miguu yangu, ananuka njia nzima hadi kondakta akafunga pua kwa kola ya shati.

Ni Ijumaa kumi na moja. Nimezihesabu leo kwenye kalenda.

Baada ya misa nimefungua mikanda. Sijui niandikeje kilichotoka humo. Mafuta yamekuwa ya kahawia, yamechanganyika na grisi, mchanga, magamba ya dagaa na manyoya ya mbwa, yananata kama kamasi. Nilipoingiza kidole kwenye meno ya sproketi inayovuta mnyororo kikatoka kibonge kizima. Nilitapika nyuma ya karakana, kweli kabisa, na mama akapata ushahidi wa lile tumbo. Halafu akaniuliza kama nimeliona kopo lake.

Nimechemsha maji. Nimeosha kipande kimoja kimoja kwa sabuni na jivu, kisha nikaanza upya namna yake, mara saba, moja kwa udongo, nikihesabu kwa sauti. Spana zake pia, bisibisi zake, koleo lake. Rimoti siwezi kuizamisha, nimeifuta mpaka namba zimeanza kufutika. Sijui kama inahesabika nikifanya mimi Mkatoliki. Sidhani. Nimefanya tu kwa sababu kukaa bila kufanya kitu kulinizidi nguvu. Ngozi ya vidole imepasuka na harufu haijatoka.

Fuko yuko mezani, mikanda imevuliwa. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano sina hamu ya kumgusa. Watu wamenitumia picha za jana, nimebebwa mabegani, meno yote nje. Yule mwanamke wa pichani ananichukiza.

Kuna jambo nimelitambua nikiwa nasugua. Baba Zuhura amejua kwa pua yake. Kutoka kinywani mwangu hajasikia chochote isipokuwa "ya dukani". Kwa hiyo uongo wangu bado uko pale pale nilipouweka, haujaondolewa na ziwa wala udongo.

Kesho asubuhi, kabla hajafungua duka, nitampelekea vyombo vyake. Nitamwamkia. Aitikie asiitikie, nitamwambia: baba, yalikuwa mafuta ya nguruwe, niliyapaka mimi, nilijua tangu Ijumaa ya kwanza, nikanyamaza kwa sababu niliitaka roboti kuliko nilivyokuheshimu. Kisha afanye atakavyoona.

Nimejaribu kuyasema kwa sauti hapa karakanani, mimi na Fuko tu. Mara ya kwanza ulimi wangu ulisema grisi.