Nitapanda Gesima kwa Miguu Yangu

Mombasa, hospitalini

Mama Moraa,

Kabla hujauliza kama bado ninapumua, jua kwamba ninapumua, tena kwa kelele. Nakusalimu wewe, ng'ombe, na migomba iliyo nyuma ya jiko. Kifua chako kimepoa? Mvua imekuja? Na wewe Moraa unayemsomea mama yako, soma polepole wala usiruke mahali. Nitajua.

Habari ya kwanza ni ya kujivunia. Waambie wanawake wote wa kituo cha chai kwamba mume wako amemshinda polisi kwa mbio hapa Mombasa, polisi kijana, mrefu, na watu wakapiga makofi.

Haya, hazikuwa mbio. Ilikuwa kutembea kutoka kitandani hadi dirishani. Na polisi mwenyewe ni mgonjwa mwenzangu, amefungwa plasta kutoka kiunoni hadi kwenye vidole vya mguu. Na kwa kuwa Moraa ni mtu wa kanisa, niseme ukweli wote: yeye ndiye aliyeshinda.

Mnajua nilianguka kutoka juu ya magunia kule ghalani ninakolinda. Niliwaambia nilikuwa nayakagua. Magunia hukaguliwa vizuri zaidi mtu akiwa amelala juu yake. Basi nyonga ikavunjika, wakaitengeneza, ikashika, lakini mguu ukasahau kazi. Daktari akaniambia, "Mzee, ukishindwa kupanda ngazi za wodi hii bila kushikwa, tutakurudisha kwenu na kiti cha magurudumu."

Kiti cha magurudumu, kwetu Gesima, kwenye mlima ule! Nilicheka mpaka nyonga ikalia. Kiti hicho kitateremka chenyewe hadi mtoni, mimi nikiwa juu yake nawapungia mkono. Lakini nilipomaliza kucheka, nikaogopa. Nani ataniinua? Wewe na Moraa mko shambani mkichuma chai tangu asubuhi. Mwana wetu yuko kazini Kericho, ndugu yangu yuko malishoni na ng'ombe. Mchana anabaki mkewe peke yake, na unazijua chinsoni zetu, miiko ya heshima kwa wakwe: mke wa mwanangu hawezi kunishika kiuno, hata mkono hatupeani. Nikianguka kando ya jiko, yeye atasimama mbali akilia, na mimi nitalala pale natazamana na kuku mpaka urudi. Nikasema hapana. Nitafika kwangu kwa miguu yangu.

Mwalimu wa mazoezi ni mwanamke wa hapa pwani, Bi Zaituni, mdogo kama pilipili na mkali vivyo hivyo. Hunifunga mfuko wa mchanga mguuni.

"Inua, mzee."

"Nimeinua."

"Umeinua nyusi. Inua mguu!"

Nikamwambia mguu wa Kisii hausikii Kiswahili. Akasema, "Basi utukane kwa Kikisii, mradi upande." Nikautukana. Ukapanda kidogo.

Mguu ukianza kutetemeka na jasho likiingia machoni, nakukumbuka wewe na kikapu cha majani mgongoni, mvua inapiga, njia imekuwa sabuni. Unafika juu kituoni, karani anasema majani yamekomaa mno, unachambua upya umelowa, na kesho yake uko tena njiani. Hujawahi kusema umechoka. Isipokuwa kwangu, kila siku, tangu nikuoe. Tena namkumbuka mjukuu wetu. Moraa aliniandikia kwamba ameanza kusimama: anaanguka kwa makalio, anacheka, anashika mguu wa meza, anainuka. Yeye hana meno, mimi sina meno. Siwezi kukubali anitangulie kutembea.

Wiki iliyopita Bi Zaituni alileta msaidizi mpya, binti wa kwetu, akamwambia anishike kiunoni nitembee katikati ya vyuma viwili bila kuvigusa. Akanishika barabara, tukaenda. Kusikia matamshi yake, nikamwuliza kwa lugha yetu ametoka wapi.

"Nimezaliwa Nyacheki, tata," akaniita baba kwa heshima.

"Na umeolewa wapi?"

"Keumbu, na mwana wa mzee Ombati mwenye duka la mafuta ya taa."

Mama Moraa, Ombati! Mtoto wa baba yangu mdogo! Nikamwambia, "Ombati huyo ni ndugu yangu." Binti akapiga yowe, akaniachia kama sufuria ya moto, akarudi nyuma mpaka ukutani, akajifunika uso kwa aproni.

"Umemwachia mgonjwa!" Bi Zaituni akafoka.

"Ni baba mkwe! Siwezi kumshika!"

"Mkwe gani? Hapa ni hospitali!"

"Hata hospitalini ni baba mkwe!"

Wakabishana hivyo, mimi niko katikati. Polisi ndiye aliyeona kwanza. "Jamani," akasema, "huyo mzee ameshikwa na nani?"

Hakuna aliyenishika. Na sikuthubutu kuanguka, maana nani angeniokota, yule binti? Aibu hiyo ingefika Keumbu kabla ya basi. Nikasogeza mguu. Nikasogeza na mwenzake.

Tangu hapo Bi Zaituni hanipi mtu mwingine. Binti anatangulia mbali, amenipa kisogo, nami namfuata. Na jana, daktari akitazama kutoka chini, nilipanda ngazi zote. Nilipumzika kwenye kona, nikautukana mguu, nikamaliza. Ameniruhusu. Mwisho wa mwezi nakuja kwa basi, na mkongojo.

Msalimie mwana wetu akija, na mkewe kwa heshima zote. Msalimie ndugu yangu anayewatunza ng'ombe, najua anakamua zaidi ya anavyosema. Msalimie mzee wa kanisa, aendelee kuniombea kila Sabato, ila yale magunia asiyataje kwa sauti. Na mama mkwe wangu, najua ameuliza kama sasa nimekuwa mpole. Mwambie bado.

Sasa Moraa, ziba masikio lakini endelea kusoma. Mama Moraa, wewe unanidai mengi, lakini hili moja ninakudai mimi. Ulipokuja kwetu ukiwa bibi arusi, uliteleza na mtungi wa maji mbele ya mama yangu na shangazi zangu wote, nami nikageuka nikatazama mbuzi kana kwamba sijaona kitu. Sijakuuliza mpaka leo. Nitakaposhuka kwenye basi, usilete machela, usilete vijana, usinishike mkono. Nisubiri juu, mlangoni kwetu. Na nikianguka njiani, tafadhali, nawe tazama mbuzi.

Ni mimi mume wako,
Baba Moraa