Banda lenye Pembe za Lokwang'

Jumatatu, 3 Februari
Mimi miaka sabini na nne. Nimepita njaa, kipindupindu, bunduki za wezi wa mifugo. Ndugu zangu wote nimewazika. Chuo cha hapa Lodwar hakiwezi kunitisha.
Mhadhiri, kijana wa Kitale, amekuja tena. Anataka banda la kienyeji getini, fito na majani ya mkoma, lisichemke kama mabati. Liwe kivuli, liwe pia sanaa ya watu wote. Nimesema mjenzi ni mimi. Juu nitaweka pembe za Lokwang', dume langu la ng'ombe la zamani. Sikumwambia kwetu nyumba hujengwa na wanawake. Hakuuliza.

Alhamisi, 6
Fito ni jeuri. Nafunga hapa, inafunguka pale. Mke wangu Akiru yuko Kakuma anauza vikapu. Afadhali asione. Wanawake wanaopita na kuni wamesimama kunitazama. "Ejok! Hujambo, mama! Leo umepika nini?" Mama, mimi! Mimi niliyeua simba!

Jumatatu, 10
Limesimama. Limeinama kidogo upande wa mto. Mhadhiri alishika nguzo, ikatikisika. "Mzee, liko sawa kweli? Wageni wa mkuu wa chuo wanakuja Ijumaa." Nikamwambia asinifundishe.

Jumanne, 11
Upepo. Limelala chini kama ngamia. Mhadhiri hakugomba, alinitazama tu. Bora angegomba. Ijumaa jina langu litaisha mbele ya wageni. Nina hasira na upepo, na fito, na huyo kijana. Na mimi mwenyewe.

Jumatano, 12
Nimemfuata Akiru Kakuma. Alicheka mpaka akakaa chini, hapo sokoni, mbele ya Wasudani wa kambi ya wakimbizi. "Baba Lokol, umejenga? Na mtoto utazaa lini?" Simba alikuwa rahisi. Halafu akafunga vikapu vyake, akamwita dada yake. Tukapanda gari ya Lodwar. Njia nzima wanacheka.

Ijumaa, 14
Jana walijenga wao. Kamba zao hazifunguki. Mimi nimepanda kuweka pembe. Wageni wamekaa ndani, wakasifu ubaridi. Wamenipigia makofi.

Jumapili, 16
Chuo kimetundika kibao bandani, kimeandikwa jina langu, mjenzi, herufi kubwa. Jana nilikipita mara nyingi. Sikulala vizuri.
Leo chuo kimya. Nimekwenda na mkaa. Nimepaka juu ya jina langu, nikaandika AKIRU NA DADA YAKE. Herufi zimepinda. Chini nimeandika PEMBE NI ZANGU.
Nikakaa kivulini kidogo. Pazuri.
Ekai, mlinzi wa geti, aliniona. Asiyeamini amuulize yeye. Akiru asiulizwe. Atacheka.